Kampuni inadaiwa nini wafanyakazi wahamiaji wakipatwa na janga? Nina kikao, naomba mawazo

Karani_HR

Wakuu salamu. Niko HR kwenye kampuni moja, jina wala nchi sitataja maana humu naweza kuwa naongea na mtu wa meza ya pili lol. Watu wetu wa usafi, wa ghalani na wa shifti ya usiku wengi ni wahamiaji, kuna wenye vibali vya kazi, kuna walioomba hifadhi wanasubiri majibu, na karibu wote hawalipwi na sisi moja kwa moja, wanalipwa na wakala aliyewaleta. Sasa kwao vita imelipuka na huku walipo serikali imeanza msako wa vibali, yaani mtu anabanwa mbele na nyuma. Wengine wameacha kuja kazini, wengine wanakuja ila macho yako kwenye simu muda wote, na msimamizi wa ghala ananiletea majina ya kuandikiwa barua za onyo.

Menejimenti imeniambia niandae mapendekezo ya namna kampuni "itakavyosimama na jamii hii". Yaliyo mezani hadi sasa ni tamko lenye logo kwenye mitandao, kuchangisha nguo na blanketi, na siku moja wote tuvae rangi za bendera yao. Sijui, mi naona kama kuna kitu hakijakaa sawa ila nikiambiwa nieleze nabaki mdomo wazi.

Ninachouliza: hivi kampuni ina wajibu kweli au ni hisani tu tukijisikia? Na hawa wa wakala ni watu wetu au wa wakala? Na kuongea hadharani kunasaidia au kunawaharibia zaidi?

mzee_wa_mahesabu

Nitakuwa wa kwanza kuchukiwa, sawa tu. Biashara sio shirika la misaada. Kazi ya kushughulikia wakimbizi ni ya serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ndio maana kuna mkataba wa wakimbizi wa 1951 na ulisainiwa na nchi sio na makampuni. Milton Friedman, yule mchumi wa Marekani, alilimaliza hili 1970, meneja anashika pesa za wenye hisa, akitaka kutoa sadaka atoe kwenye mshahara wake.

Halafu swali ambalo hakuna anayelijibu: utachagua janga lipi? Mwaka 2022 makampuni yalikimbilia Ukraine kila mtu na kitambaa chake cha bluu na njano, Aprili 2023 vita ya Sudan ikaanza, wakawa kimya. Ukishafungua huo mlango kila kundi lina haki ya kukuuliza mbona sisi hamkutuvalia rangi. Bora usifungue kabisa. Lipa mishahara, lipa kodi, basi.

Loya_bila_suti

Mzee heshima yako ila Friedman umemkata katikati. Yeye mwenyewe aliweka sharti kwamba faida itafutwe ndani ya kanuni za msingi za jamii, za kisheria na za kimaadili pia. Na hizo kanuni tangu 1970 zimesogea sana. Mwaka 2011 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Kanuni Elekezi za biashara na haki za binadamu, zile alizoziandaa profesa John Ruggie. Msingi wake mwepesi: serikali ina jukumu la kulinda watu, kampuni ina wajibu wa kuheshimu haki zao hata kama serikali imelala, na aliyeumizwa apate mahali pa kudai. Kampuni haiambiwi iokoe dunia, inaambiwa itazame madhara yanayopita mikononi mwake.

Sasa Karani swali lako la wakala lina jibu hapo hapo. Kanuni ya 13 inasema wajibu unafika mpaka kwenye madhara yanayohusiana moja kwa moja na shughuli zako kupitia wale unaofanya nao biashara, hata kama sio wewe uliyeyasababisha. Wakala ni saplaya wako. Anayefagia sakafu yako saa nane usiku huwezi kusema simjui kwa sababu hati ya mshahara ina jina lingine. Najua kanuni zile zenyewe sio sheria ya kukupeleka jela ila nchi zimeanza kuzifanya sheria, Ufaransa ilipitisha yake ya uangalizi 2017, Umoja wa Ulaya wakaja na agizo lao 2024 (na wamekuwa wakilipunguza makali tangu hapo, hilo nalo tuseme ukweli).

Na swali la mzee la janga lipi, mbona ni jepesi. Huchagui kutoka kwenye taarifa ya habari. Unaangalia nani yuko kwenye jengo lako. Kama una Wasudani ghalani janga lako ni Sudan, kama huna hata mmoja basi mchango wako ni hisani na uamue unavyotaka.

Sasa nikwambie ningeanzia wapi, maana blanketi sio. Ningemuuliza wakala maswali ambayo hatayapenda. Nani anashika pasipoti zao? Walilipa kiasi gani kupata hii kazi na nani bado anawadai? Mkataba wa ILO (shirika la kazi duniani) namba 181 wa mwaka 1997 kwa kanuni ya jumla unakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada, lakini watu wanauza mashamba na kukopa kwa riba ili wapate kazi ya kufunga maboksi. Hilo deni siku za kawaida ni mzigo, siku ya janga linakuwa pingu, hawezi kurudi kwao kuzika, hawezi kuacha kazi mbaya, hawezi hata kulalamika. Na usiniambie haiwezekani kurekebisha. Top Glove ile ya Malaysia, moja ya watengenezaji wakubwa wa glavu duniani, 2020 Marekani ilizuia bidhaa zake kwa dalili za kazi ya kulazimishwa, kampuni ikakubali kuwarudishia wafanyakazi wahamiaji ada walizotozwa na mawakala, zaidi ya ringgit milioni 130, na zuio likaondolewa 2021. Pesa ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni mtu wa kuwabana.

shifti_ya_usiku

mimi ni mmoja wa hao mnaowajadili, sio kampuni ya karani ila ni maisha yaleyale, nimefanya usafi na ghala kwa miaka, naandika kwa simu mnisamehe

blanketi hatutaki jamani. tuna blanketi. vita ilipofika mtaani kwetu nilichokuwa nataka ni simu. kwenye ghala simu inaachwa kwenye loka mpaka mapumziko na kule kwetu mtandao unakuja na kukatika, ukikosa ule muda mama yako anapatikana basi unakaa hujui yuko hai au la na unatakiwa ufikishe idadi ya maboksi. msimamizi mmoja alituruhusu tukae na simu mfukoni bila kumuuliza mtu juu. yule ndo tunamkumbuka, ya mkurugenzi aliyeandika tamko hata sijui lilisemaje

pili hiyo siku ya bendera FUTENI. bendera ya nani? watu wa nchi moja sio watu wa upande mmoja. kazini kwetu kulikuwa na watu ambao ndugu zao kule wanapigana wao kwa wao, mezani tunakaa tunanyamaza tunaombana chumvi kwa heshima, ndo namna tunavyoishi. ukileta bendera umelazimisha kila mtu aseme yuko wapi. na serikali ileile yenye hiyo bendera ndo wengine wameikimbia

tatu picha. kampuni moja niliyofanyia ilitupanga mstari na fulana zenye jina lao wakatupiga picha wakapost "familia yetu". kati yetu kulikuwa na mtu kesi yake ya hifadhi haijaisha na kwao anatafutwa. ile picha ilifika kule, ndugu zake wakaanza kupigiwa simu za ajabu. hakuna aliyetuuliza kabla na walipoambiwa waitoe walichelewa mpaka ikawa haina maana tena. kwa hiyo mtu akiniambia kampuni inataka kuonyesha inatupenda kitu cha kwanza natafuta kamera iko wapi

na barua za onyo karani, tafadhali zizuie hizo hata kabla ya kikao. mtu aliyefiwa anapewa barua

mzee_wa_mahesabu

Pole ndugu, hilo la picha ni upuuzi mtupu na sitalitetea. Na la bendera sikuwa nimeliwaza kabisa.

Lakini mmeona, kila alichosema hakihitaji kampuni kuwa na moyo wa huruma. Simu mfukoni, barua za onyo zisitishwe, hizo ni taratibu za kazi za kawaida. Nakubali hizo. Nachokataa ni hadithi ya kwamba kampuni ina "jamii" inayoihudumia.

Pesa_haitulii

Niko kwenye mambo ya malipo na nashangaa hakuna aliyegusa hela mpaka sasa. Janga likitokea kwao mtu wa kwanza kutoa msaada sio UNHCR wala kampuni, ni huyo wa shifti ya usiku. Anatuma. Anatuma mpaka anakosa nauli ya kuja kazini. Sasa kila anapotuma anakatwa, wastani wa dunia kwa takwimu za Benki ya Dunia ni kama asilimia 6 na kidogo ukituma dola 200, na kwenda Afrika kusini mwa Sahara huwa ni ghali zaidi ya hapo. Lengo la maendeleo endelevu 10.c linasema ifike chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Tutaona.

Inawezekana kushuka watu wakitaka. Vita ya Ukraine ilipoanza 2022 kampuni kadhaa za kutuma pesa ziliondoa ada kwenda kule karibu mara moja. Airbnb, ile ya kupangisha vyumba mtandaoni, nayo iliahidi makazi ya muda ya bure kwa wakimbizi mpaka 100,000, lakini kilichonivutia mimi ni watu wa kawaida, walianza kulipia vyumba ndani ya Ukraine ambavyo hawaendi kulala, pesa imfikie mwenye nyumba, na kampuni ikasamehe ada yake kwenye hizo buking. Hakuna bodi iliyokaa kubuni hilo, mfumo wa malipo ulikuwepo, kampuni ikaamua tu isichukue fungu lake.

Upande wa pili ndo unauma. Mwaka 2013 benki ya Barclays ilitangaza kufunga akaunti za kampuni nyingi za kutuma pesa ikiwemo Dahabshiil ambayo ndo mshipa wa hela za Wasomali, sababu ni hofu ya faini za utakatishaji fedha, na ukumbuke mwaka mmoja nyuma benki ya HSBC walikuwa wamelipa Marekani dola bilioni 1.9. Dahabshiil wakaenda mahakamani wakapata zuio la muda. Hakuna aliyewachukia Wasomali pale benki, nadhani. Ni mtu kwenye idara ya hatari alipiga hesabu akaona hao wateja hawalipi kiasi cha kutosha kuhatarisha faini. Ndo maana mimi nikisikia "kampuni na jamii za wahamiaji" siulizi wametoa msaada gani, nauliza wamefunga nini.

Kwa hiyo Karani vitu vyangu ni vya kikaratasi tu: mshahara utoke mapema mwezi huu, mtu aweze kuchukua sehemu ya alichokwisha fanyia kazi bila riba, na kampuni ibebe ada ya kutuma kwa kipindi fulani, mtu anawasilisha risiti anarudishiwa. Na kabla hujalipeleka hili mezani hakikisha sio wakala anayetoa hizo advansi, maana atageuza kuwa mkopo na mwisho wa mwezi mtu anapata bahasha yenye karatasi peke yake.

Karani_HR

Nimesoma yote, ya bendera nimeishafuta kwenye rasimu. Barua za onyo nimezikalia, nimemwambia msimamizi nataka kuongea na kila mmoja kwanza, amenuna.

Ila nimebaki na vitu viwili. Huu msako. Bosi anaogopa kwamba tukisaidia sana tutaonekana tunaficha watu. Na lile tamko, mkurugenzi wa mawasiliano hataki kuliachia.

Loya_bila_suti

La msako mwambie bosi mambo yako ya aina mbili na asiyachanganye. Kumficha mtu, kumwambia atumie karatasi bandia, kufuta rekodi, hapana, usiguse, utamponza na yeye. Lakini kuna uwanja mpana sana wa halali ambao makampuni hayautumii kwa woga tu. Kumlipia mtu loya wa uhamiaji ni halali. Kufuatilia vibali vinavyokaribia kuisha na kuanza kuhuisha mapema badala ya kusubiri wiki ya mwisho, halali, na nikwambie nusu ya "wasio na vibali" ninaowaona mimi ni watu ambao mwajiri alichelewesha fomu. Kumpa mtu likizo ya kwenda kwenye usaili wa kesi yake. Kuwa na mtu mmoja anayejulikana ambaye ofisa akifika mlangoni anaitwa yeye, anaomba kuona hati ya upekuzi, anasoma hati inasema nini, na anatoa kile ambacho hati imetaja, sio kufungua kabati lote la mafaili kwa sababu mlinzi kaogopa sare. Hapo utahitaji loya wa nchi yako maana kila nchi na sheria yake.

Na kingine kinasahaulika, wakala asitumie msako kama fimbo. "Ukidai ovataimu napiga simu uhamiaji." Hiyo nimeisikia zaidi ya mara moja na ILO wanahesabu vitisho vya namna hiyo kama moja ya dalili za kazi ya kulazimishwa. Kama mkataba wenu na wakala hauna kipengele cha kuuvunja kwa jambo kama hilo, kiweke safari hii.

Sababu ya kung'ang'ania wakala mnisamehe ni Libya 2011. Vita ilipoanza China ilihamisha raia wake zaidi ya 35,000 ndani ya wiki mbili hivi, wengi wao wafanyakazi wa miradi ya ujenzi, meli, ndege, kila kitu. Wakati huohuo maelfu ya vibarua wa Bangladesh na wa nchi za Afrika walikuwa wamekaa mpakani Ras Ajdir upande wa Tunisia na mabegi yao, hawajui mwajiri yuko wapi, wengi mishahara yao imebaki nyuma, na waliokuja kuwatoa ni IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji) na UNHCR. Watu wa kazi zilezile, nchi ileile. Tofauti ilikuwa kama kuna mtu mahali fulani mwenye orodha yenye jina lako. Karani wewe unayo orodha ya watu wa wakala? Majina, simu, mtu wa kupigiwa? Au unayo idadi tu?

msemaji_mstaafu

Nimefanya kazi ya mawasiliano ya makampuni muda mrefu kwa hiyo la tamko niachieni mimi. Matamko nimeandika mengi sana na mengi yalikuwa hayana kazi isipokuwa kumfanya bosi alale vizuri. Mkisimama na mtu mnasimama wapi? Hiyo aya haijibu kamwe.

Pia kuna gharama na anayelipa sio aliyesaini. Januari 2017 Starbucks walitangaza kuajiri wakimbizi 10,000 kwa miaka mitano baada ya Trump kuzuia wasafiri wa nchi kadhaa, haikuchukua muda wito wa kuwasusia ukaanza kuzunguka. Sasa anayepokea matusi kwenye kaunta ni nani? Ndo yuleyule mhamiaji. Sisemi walikosea, ajira ni ajira, Hamdi Ulukaya wa Chobani, kampuni ya mtindi Marekani, naye kaajiri wakimbizi miaka na miaka, katukanwa na kutishiwa, 2016 akaanzisha Tent, mtandao wa makampuni yanayosaidia wakimbizi kupata kazi, na mamia ya kampuni yamejiunga. Yeye ana kitu cha kuonyesha ghalani ndo akaongea. Mfuatano wake ni huo.

Kuna aina moja ya kuongea ambayo naiheshimu, nayo mara nyingi haionekani mtandaoni. Kampuni ina mlango kwa waziri ambao mfagiaji hana. Mtazame Ulaya 2022: agizo la ulinzi wa muda lilikuwepo kwenye makabati tangu 2001, halijawahi kutumika hata mara moja, likawashwa Machi 2022 na Waukraine wakaruhusiwa kufanya kazi karibu mara moja, wakati muomba hifadhi mwingine kwa sheria ya Umoja huohuo ya 2013 angeweza kusubiri mpaka miezi 9. Kwa hiyo inawezekana, ni uamuzi wa watu. Waajiri wakienda kusema tunawataka hawa watu kazini na karatasi zao zimekwama kwenu, wanasikilizwa. Na hapa ndo pa kuchimba Karani: nenda kaangalie chama cha waajiri ambacho kampuni yenu inalipa ada kimeomba nini serikalini mwaka huu. Nimeshuhudia kampuni inapost moyo mwekundu asubuhi, na chama chake mchana kinaomba makato ya mshahara kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi wahamiaji yaongezwe. Nyaraka zote mbili zilipita kwenye meza yangu.

shifti_ya_usiku

hapo kwenye orodha umenena loya. sisi kwenye karatasi ya zamu tulikuwa tumeandikwa "wakala 14". sio majina

karani mkitaka kujua tunataka nini tuulizeni lakini sio mbele ya msimamizi na sio kwa fomu ya kiingereza. na sio umuite yule mmoja anayeongea vizuri kila siku, huyo keshachoka kutafsiri maisha yetu bure na baada ya hapo anarudi kufagia

mzee_wa_mahesabu

Haya nami nichangie kwa fani yangu maana kelele nimeshapiga. Usipeleke kikaoni neno "kusimama na". Peleka jedwali. Ada za kutuma pesa, kadiria watu wangapi mara miezi mitatu. Loya wa uhamiaji, omba bei ya pamoja. Likizo yenye malipo, siku ngapi. Pembeni weka gharama ya kupata na kufundisha mtu mpya wa ghala mara idadi ya waliokwisha acha kuja, utashangaa ni kubwa kuliko hayo yote, wakurugenzi wakiona hiyo safu watanyamaza wenyewe. Na weka tarehe ya kupitia upya, sio ya kuisha, ya kupitia upya, vinginevyo wataikata kimyakimya habari ikishapoa kwenye vyombo.

Bado nasema sio kazi ya kampuni kuwa serikali. Ila huyo "wakala 14" kwenye karatasi ya zamu, hiyo hata kwenye stoo ya spea hatuandiki hivyo.

Karani_HR

Mzee asante kwa jedwali, nalianza leo. Orodha ya majina sina, nimeiomba kwa wakala asubuhi hii akaniuliza naitaka ya nini. Nimemjibu kwa barua pepe nikamweka bosi nakala. Mkurugenzi wa mawasiliano nimempa swali la msemaji, tunasimama wapi hasa, kasema atanirudia. Nikitoka kikaoni nitaandika hapa walichokata na walichoacha.